Mteja Aligeuka Mlangoni

Kwa miaka saba ya mwanzo, abiria wa easyJet hakuwa na haja ya kuuliza atapanda ndege gani. Ilikuwa Boeing 737, basi. Shirika hilo la Uingereza lilianza Novemba 1995 pale Luton, kaskazini mwa London, likiwa na 737-200 mbili za kukodi, nauli ya pauni 29 kwenda Glasgow na Edinburgh, na namba ya simu ya kukatia tiketi iliyopakwa ubavuni mwa ndege kwa tarakimu kubwa za rangi ya chungwa. Ndege ziliongezeka, za kukodi zikafuatwa na mpya kutoka kiwandani, na zote zilikuwa 737. Mwaka 2002, lilipomnunua mshindani wake Go kwa pauni milioni 374, lilirithi 737 nyingine juu ya zile lilizokuwa nazo. Kisha, Oktoba mwaka huohuo, likatangaza kwamba linachukua ndege 120 za Airbus A319, pamoja na haki ya kununua nyingine 120.

Tangazo hilo lilikwenda kinyume cha somo la kwanza la biashara ya nauli nafuu. Southwest ya Texas, iliyoanza kusafirisha abiria mwaka 1971, ndiyo iliyowafundisha wengine wote: chagua ndege ya aina moja, ubaki nayo. Rubani yeyote ataingia kwenye ndege yoyote iliyo uwanjani. Fundi atasomea mashine moja. Ghala la vipuri litakuwa dogo. Ndege ikigoma alfajiri, mwenzake ataingia zamu yake bila kuvuruga ratiba ya mtu. Ryanair ya Ireland ililishika somo hilo kama aya ya kukariri, na easyJet nayo vilevile. Sasa shirika lenye 737 zaidi ya 60 likajitwika makundi mawili ya marubani, maghala mawili ya vipuri na vitabu viwili vya mafundi.

Jibu fupi la kwa nini ni bei. Jibu refu ni namna bei ya ndege inavyopatikana, na hapo ndipo mambo yanaponoga.

Kwa miaka mingi Airbus na Boeing walikuwa wakichapisha bei za ndege zao. Katika orodha ya mwisho ya Airbus, ya mwaka 2018, A319 iliandikiwa dola milioni 92.3. Hakuna shirika kubwa lililowahi kutoa kiasi hicho. Mteja mwenye oda ya ndege mia hupunguziwa nusu au zaidi, na kiasi anacholipa hufungiwa ndani ya mkataba ambao hata wanahisa wadogo hawauoni. Bei ya orodha ni kama ile anayoitaja kwanza muuza vitenge wa Kariakoo: pande zote mbili zinajua ni salamu tu. Mnunuzi mzoefu hana haja ya kubishana sana. Hugeuza mgongo, akapiga hatua tatu kuelekea mlango wa duka la pili, na kusubiri kuitwa.

Tatizo la shirika la bei nafuu ni kwamba muuzaji anajua mteja wake hana pa kwenda. Kama marubani wako wote wamesomea 737, na mafundi wako wote wanaijua 737, Boeing ana haki ya kutabasamu unapotaja Airbus. Kule kubaki na ndege ya aina moja, ambako kunakupa gharama ndogo kila siku, ndiko kunakukata miguu siku ya kupatana bei. Mwaka 2002 easyJet ililazimika kuchagua kati ya hayo mawili: ihifadhi akiba yake ya kila siku, au ionyeshe kwamba mlango wa duka la pili unaufikia kweli.

Majira nayo yalisaidia. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, mashirika makubwa yalifuta oda na kuegesha ndege jangwani. Boeing ilitangaza kwamba ingepunguza hadi wafanyakazi 30,000. Ndege ilizokabidhi wateja zilishuka kutoka 527 mwaka 2001 hadi 381 mwaka uliofuata, na 281 mwaka 2003. Katika giza hilo Ryanair ndiyo iliyobisha hodi kwanza: Januari 2002 iliagiza 737-800 mia moja, na haki ya nyingine 50. Bei haikutangazwa, lakini haihitaji ramli kujua nani alikuwa na nguvu mezani. Mashirika ya nauli nafuu yana desturi hii ambayo yale ya kitaifa huiogopa: hununua wakati wengine wanauza.

easyJet ilifika dukani miezi michache baadaye, na ilikuta wauzaji wawili wenye haja zisizofanana. Boeing ilikuwa imeshampata Ryanair na ilikuwa na mteja wa zamani mbele yake. Airbus haikuwa na kitu katika soko hilo la Ulaya. Mashirika ya nauli nafuu yaliyokuwa yakikua kwa kasi barani humo, Ryanair, easyJet, Go na Virgin Express, yote yalikuwa ya 737. Ng'ambo ya Atlantiki, JetBlue ilikuwa imeanza safari New York mwaka 2000 kwa A320 na kuonyesha kwamba ndege hiyo inaweza kufanya kazi ya nauli ndogo, lakini mfano wa Marekani haukutosha. Kwa Airbus, oda ya easyJet ilikuwa na thamani kuliko fedha zake: ilikuwa mlango wa nyumba ambayo haijawahi kuingia. Muuzaji wa namna hiyo hushuka bei mpaka pale ambapo mwenzake anaona hapafai kufuatwa.

Ni haki pia kusema kwamba A319 haikuwa ndege ya kuchukuliwa kwa huruma. Ndani ni pana kuliko 737 kwa sentimita 15 hivi, tofauti ambayo abiria huisikia mabegani. Ubunifu wake ni wa miaka ya 1980, wakati umbo la 737 liliruka mara ya kwanza Aprili 1967. Lakini hesabu iliyowakalisha wahasibu usiku haikuwa ya mabega. Ilikuwa ya viti.

Kanuni za Ulaya zinadai mhudumu mmoja kwa kila viti 50. Boeing 737-700, ambayo easyJet ilikuwa nayo, iliwekwa viti 149: kilele cha kile ambacho milango yake ya dharura inaruhusu, na kwa bahati njema kiti kimoja chini ya kikomo cha wahudumu watatu. A319 ya kawaida, yenye mlango mmoja wa dharura juu ya kila bawa, ilikuwa na kikomo cha chini zaidi. easyJet ikataka milango miwili kila upande na jiko dogo la nyuma, ikapata viti 156. Saba zaidi. Gharama yake ni mhudumu wa nne katika kila safari, kwa mamia ya safari kila siku, kwa miaka mingi. Ili mpango huo ulipe, viti vile saba lazima viuzwe mara nyingi vya kutosha kumlipa mtu huyo na kubakiza chochote.

Kwa karibu miaka 20 vililipa. Halafu, mwaka 2022, shirika lilipokosa wahudumu wa kutosha baada ya korona, liliamua kung'oa mstari wa mwisho wa viti kwenye A319 zake zilizoko Uingereza ili zibaki na 150 na ziruke na wahudumu watatu. Viti sita vya nyuma vilikuwa vimegeuka mzigo. Anayetaka kuielewa biashara hii aanze na mstari huo wa mwisho. Mambo mengine yote ni ukubwa wa namba tu.

Vipi gharama ya kuwa na ndege za aina mbili? Hapa easyJet ilikuwa na hoja ambayo wafuasi wa Southwest hawakupenda kuisikia: faida ya aina moja hupungua shirika linapokua. Shirika lenye ndege kumi likigawa makundi mawili ya tano tano litaumia, maana kila kundi litahitaji ndege ya akiba, mkufunzi wake na ghala lake. Lenye ndege 60 za kila aina lina kila kitu cha kutosha pande zote mbili, mradi lisizichanganye katika kituo kimoja. A319 za kwanza zilifika Septemba 2003 na zikaanza kazi Geneva. Boeing zikaendelea kuondoka taratibu mikataba yake ilipokwisha, hadi mwaka 2011 hivi. Gharama ya kuhama ikasambazwa kwa miaka minane, na ndiyo sababu haikumuumiza mtu kwa mkupuo.

Mwaka huo wa 2003 Airbus ilikabidhi ndege 305, na kwa mara ya kwanza ikaipita Boeing.

Kilichofuata kinaonyesha upande wa pili wa sarafu. easyJet, iliyopata bei nzuri kwa sababu iliweza kuondoka, polepole ikawa tena shirika la ndege za aina moja, safari hii za Airbus: A319, kisha A320, kisha A320neo na A321neo. Mwaka 2013, wakati wa kununua kizazi kipya, ilizungumza na Boeing pia, lakini ilimalizia palepale kwa Airbus, Toulouse. Aliyepiga kelele zaidi alikuwa mwanzilishi wake, Stelios Haji-Ioannou, ambaye pamoja na familia yake walikuwa na zaidi ya theluthi ya hisa. Alipinga oda hiyo, akashindwa kwenye kura. Mwaka 2020, viwanja vikiwa vitupu kwa sababu ya korona, alitaka mkataba uliobaki na Airbus ufutwe na baadhi ya wakurugenzi waondolewe; Mei mwaka huo akashindwa tena. Unaweza kumwona kama mzee anayegombana na watoto wake wa biashara, lakini swali lililozaliwa na ugomvi wake ni la haki: shirika lililoapa kutoondoka tena linapatana bei kwa silaha gani? Wanahisa waliendelea kutojali. Desemba 2023 waliidhinisha ndege nyingine 157 za familia hiyohiyo, na haki ya kununua 100 juu yake.

Ryanair imekuwa ikicheza mchezo uleule kwa mtindo mwingine: haiondoki, ila huwa inaondoka daima. Septemba 2021 ilitangaza hadharani kwamba mazungumzo na Boeing kuhusu 737 MAX 10 yamevunjika kwa sababu ya bei. Mei 2023 ikarudi na kusaini ndege 300, nusu yake oda kamili na nusu haki ya kununua. Katikati hapo haikununua Airbus hata moja. Boeing walijua haitanunua, kwa kuwa shirika lenye mamia ya 737 haliwezi kugeuka kwa mwezi mmoja, na foleni ya Airbus ilikuwa ndefu. Kitisho pekee ilichobaki nacho kilikuwa kusubiri, na kusubiri kuna thamani kwa mwenye fedha benki. Hata hivyo kundi hilo lina Airbus zipatazo 27 za kukodi katika tawi lake la Lauda, lililotoka Austria. Ni chache mno kumtisha Boeing, ila zinatosha kuwafundisha wakubwa wa Dublin gharama halisi za ndege ya upande wa pili, na elimu hiyo huja mezani siku ya mkataba.

Kuna wanaoshika njia ya kati, na hao ndio wenye sherehe kubwa kuliko wote. Lion Air ya Indonesia ilisaini Boeing 230 mwaka 2011, kule Bali, Rais Barack Obama akiwa shahidi. Machi 2013 ilisaini Airbus 234 katika ikulu ya Paris, mbele ya Rais François Hollande. Marais wawili, wauzaji wawili, mteja mmoja. Mashirika ya namna hiyo huagiza kuliko yanavyohitaji, kwa sababu nafasi kwenye foleni ya kiwanda nayo ni mali inayoweza kuuzwa.

Na ndege yenyewe mara nyingi haikai mikononi mwa aliyeiagiza. IndiGo ya India, iliyoagiza A320 mia moja mwaka 2005 kabla hata haijasafirisha abiria mmoja, na ambayo Juni 2023 iliagiza 500 kwa mkupuo, ilikua kwa mbinu hii: kununua kwa wingi kwa bei ya chini sana, kumuuzia kampuni ya ukodishaji kila ndege siku inapotoka kiwandani kwa bei ya soko, kisha kuikodi kwa miaka sita hivi na kuirudisha kabla haijaanza matengenezo mazito. Tofauti kati ya bei mbili huingia mfukoni. Kwa shirika linalofanya hivyo, swali la Boeing au Airbus linapata sura nyingine: ndege ipi mkodishaji ataipenda zaidi, kwa sababu ana uhakika wa kumpata mpangaji mwingine baadaye? Si ajabu kwamba ukodishaji na nauli nafuu vina ukoo mmoja. Tony Ryan, aliyeshiriki kuanzisha kampuni ya kukodisha ndege ya Guinness Peat Aviation pale Shannon mwaka 1975, ndiye ambaye jina lake limeandikwa kwenye ndege za Ryanair.

Mpaka hapa ndege imezungumzwa kama gunia la mchele: bei, wingi, foleni. Lakini kubaki na ndege ya aina moja kuna gharama ambayo haikuonekana kwenye karatasi za mtu yeyote hadi mwaka 2018.

Boeing 737 iliumbwa fupi kwa miguu. Katika miaka ya 1960 viwanja vidogo havikuwa na mitambo ya kupakia, hivyo ndege iliwekwa karibu na ardhi, wapakiaji wafikie mizigo kwa mikono na ngazi ya abiria itoke ndani ya ndege yenyewe. Mashirika ya nauli nafuu yaliipenda kwa sababu hiyohiyo. Ryanair, inayotaka ndege ikae chini dakika 25 tu kabla ya kuruka tena, hushusha ngazi yake ya mbele, na kwa mlango huo haimlipi mtu kodi ya ngazi ya uwanja. Airbus imesimama juu zaidi.

Miaka ya 2010 urefu wa miguu ukageuka deni. Injini mpya zinazookoa takriban asilimia 15 ya mafuta zina mapanga makubwa mbele. Airbus ilizitundika chini ya bawa la A320 bila shida kubwa na kuitangaza neo Desemba 2010. Boeing ilikuwa bado inafikiria ndege mpya kabisa, hadi Julai 2011, American Airlines, mteja wake wa miaka mingi, ilipoagiza ndege 260 za Airbus. Duka la pili tena. Mwezi uliofuata Boeing ilizindua 737 MAX. Injini yake ililazimika kuwa ndogo kuliko ile ya Airbus, sentimita 176 kwa 198 za kipenyo, na bado ikasogezwa mbele na juu. Pua ya ndege ikawa na tabia ya kunyanyuka katika hali fulani. Programu iitwayo MCAS iliwekwa ili kuikandamiza chini yenyewe, ikisikiliza kihisi kimoja tu.

Kwa nini marubani hawakuelezwa vya kutosha? Kwa sababu wateja waliahidiwa kwamba rubani wa 737 ya zamani ataingia kwenye MAX bila kupitia simuleta. Mkataba wa Southwest ulisema kwamba mafunzo hayo yakihitajika, Boeing itatoa punguzo la dola milioni moja kwa kila ndege. Hilo halikufichuliwa na mbeya yeyote. Lilitoka katika uchunguzi wa Bunge la Marekani. Faida ambayo mashirika ya nauli nafuu yaliitafuta tangu 1971, rubani yeyote kwenye ndege yoyote, ilikuwa imeandikwa kwenye mkataba kama adhabu, na wahandisi wakafanya kazi chini ya kivuli chake.

Oktoba 29, 2018, 737 MAX ya Lion Air iliyotoka Jakarta ilianguka baharini na watu 189. Machi 10, 2019, MAX nyingine, ya Ethiopian, iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilianguka dakika sita baada ya kuruka, na watu 157. Wakenya walikuwa 32, kuliko taifa lingine lolote. Jamaa zao walikuwa wakisubiri uwanja wa Jomo Kenyatta asubuhi ile. MAX zilikatazwa kuruka, Marekani kwa miezi 20. Waliokuwa na Boeing peke yake walibaki wakihesabu ndege ambazo hazikuja: Ryanair ilipokea MAX yake ya kwanza Juni 2021. easyJet haikuguswa.

Wakati huo ingekuwa rahisi kuandika kwamba Oktoba 2002 ilikuwa busara tupu. Lakini zamu ya Airbus ilikuja. Mnunuzi wa A320neo huchagua injini: LEAP ya kampuni ya CFM, au ile ya Pratt & Whitney. Julai 2023 ilitangazwa kwamba unga wa chuma uliotumika kutengeneza baadhi ya sehemu za injini za Pratt ulikuwa na kasoro, na mamia ya ndege zikalazimika kushushwa ili injini zikaguliwe. Wizz Air ya Hungary na IndiGo ziliegesha makumi ya ndege. Mapema mwaka huohuo, Mei, Go First ya India ilikuwa imeshasimamisha safari, ikiilaumu Pratt kwa injini zilizokuwa zikiharibika na kutorudi. Ndege hizo zilikuwa zilezile za easyJet, zimeundwa na kiwanda kilekile. Ila easyJet ilikuwa imechagua LEAP. Kwa hiyo yule anayejadili leo kama anunue Airbus au Boeing anajadili nusu ya swali. Nusu ya pili imening'inia chini ya bawa, na Tanzania inaijua: Airbus A220 za ATCL, shirika lake la taifa na la kwanza Afrika kuwa na ndege hiyo tangu Desemba 2018, ziliwahi kuegeshwa kwa kukosa injini za Pratt zinazofaa, huku abiria wakipewa ratiba mpya.

Sasa hali ya soko imegeuka. Mwaka 2002 wauzaji walikuwa wakiwatafuta wanunuzi. Leo mnunuzi ndiye anayepanga foleni. Nafasi za A320neo zimejaa kwa miaka kadhaa mbele. Boeing, baada ya kipande cha ukuta wa 737 MAX 9 ya Alaska Airlines kung'oka angani Januari 2024, iliwekewa kikomo cha ndege 38 za MAX kwa mwezi, kilichodumu hadi Oktoba 2025. Mteja akigeuza mgongo, muuzaji anamwita anayefuata. Hata hivyo bado wapo wanaohama. Jet2 ya Uingereza, ya Boeing tangu mwanzo, iligeukia Airbus mwaka 2021. Novemba 2025 flydubai, ambayo wasafiri wa Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Entebbe wanaijua kwa 737 zake na hawajawahi kuiona na nyingine, ilitia saini ya awali ya Airbus A321neo 150, na siku hizohizo ikachukua pia MAX nyingine 75. Mwezi mmoja kabla, A320 moja iliyokabidhiwa flynas ya Saudi Arabia ilikuwa imeifanya familia hiyo iipite 737 kwa idadi ya ndege zilizowahi kutolewa. 737 ilikuwa imeanza miaka 20 kabla yake.

Lipo la kujifunza Afrika Mashariki, ingawa si lile ambalo viongozi wa mashirika hupenda kulisikia. Novemba 29, 2012, Fastjet ilianza safari za Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro. Stelios alikuwa nyuma yake, na ndege ilikuwa ileile ya Geneva: A319, viti 156, za kukodi. Nauli za chini ziliwapandisha ndege watu wengi ambao walikuwa hawajawahi kupanda. Lakini A319 ililetwa kwa sababu ndiyo iliyokuwa imefaulu Ulaya, kati ya miji yenye mamilioni ya watu wenye fedha za mapumziko ya wikiendi. Mwaka 2016, chini ya uongozi mpya, Fastjet iliziacha A319 na kuchukua Embraer E190 zenye viti 104. Ilikuwa sahihi, na ilikuwa imechelewa. Kufikia mwisho wa 2018 shirika hilo halikuwa likiruka tena Tanzania.

Jambojet ya Kenya, iliyoanza Aprili 2014 chini ya Kenya Airways, ilipitia njia hiyohiyo. Ilianza na 737-300, ikaziondoa, na leo inatumia Dash 8 Q400 zenye mapanga nje na viti 78. Kwa safari ya Nairobi na Eldoret hiyo ni ndege iliyopimwa kwa nguo ya mvaaji. Precision Air ya Tanzania imekuwa na ATR kwa miaka mingi kwa sababu zinazofanana. Anayepanga shirika la nauli nafuu katika ukanda huu aanze hapo: viti vingapi vitajaa Jumanne mchana kwenda Bukoba. Jina la kiwanda lije baadaye sana.

Na likija, atakuta duka moja. De Havilland ya Canada ilisimamisha uundaji wa Q400 mwaka 2021. Kwa ndege mpya ya mapanga yenye viti 70 na kitu kutoka kiwanda cha Magharibi, imebaki ATR peke yake, na nusu ya ATR ni mali ya Airbus.